Lenzi kwanza, kamera baadaye: Kuchagua vifaa vya kupigia picha za farasi na michezo ya ukumbini

VIJANA wengi wanaojitosa katika upigaji picha za michezo huanza na swali moja: Kamera ipi ni bora? Aghalabu huuliza wakiwa wameshaweka akiba ya mwaka mzima, au wamekopa katika chama, na hawana fedha za kununua mara ya pili.

Swali hilo limeanzia mahali pasipofaa. Kwa anayekusudia kupiga picha za farasi katika uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi Jumapili mchana, kisha kesho yake apige za voliboli katika ukumbi wa Kasarani, kifaa kitakachoamua iwapo picha zake zitanunuliwa au zitatupwa si kamera. Ni lenzi, na hususan kiasi cha mwanga ambacho lenzi hiyo yaweza kupitisha.

Mpigapicha wa kujitegemea hulipwa kwa picha iliyochapishwa, si kwa picha aliyoipiga. Mhariri aliye na dakika chache kabla ya ukurasa kufungwa hana subira na uso uliofunikwa na ukungu, hata kama bao lililofungwa lilikuwa la aina yake. Ataichukua iliyo wazi, iwe ya nani iwe.

Tuanze na farasi. Farasi wa mbio akienda shoti hufikia kasi ya kilomita 60 kwa saa na hata kupita, yaani takriban mita 17 katika kila sekunde. Shata ni kile kipazia kilicho ndani ya kamera, kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga. Shata ikikaa wazi kwa sekunde 1/125, farasi huyo atakuwa amesonga sentimita 13 kabla haijafunga, na picha itaonyesha sentimita 13 za ukungu. Kwa sekunde 1/1000 atakuwa amesonga chini ya sentimita mbili. Kwa 1/2000 hata sentimita moja haitimii. Isitoshe, mguu unaorushwa mbele huenda kwa kasi kuliko kiwiliwili, kwa hiyo kwato zaweza kuwa na ukungu ilhali kichwa ki wazi kabisa. Kwa mbio za farasi, basi, 1/1000 ndicho kima cha chini, na 1/1600 au 1/2000 ndipo penye usalama.

Tatizo hili lina historia ndefu. Kwa karne nyingi wachoraji waliwachora farasi wa mbio wakiwa wamenyoosha miguu yote minne, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama wanaopaa. Mchoro wa Mfaransa Théodore Géricault wa mwaka wa 1821, unaoonyesha mbio za Epsom nchini Uingereza, ni mfano maarufu. Jicho la binadamu halikuweza kuusahihisha. Mnamo Juni 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio, kila moja ikifyatuliwa na uzi uliokatizwa na farasi mwenyewe. Picha zilithibitisha kuwa farasi huiinua miguu yote minne kwa wakati mmoja, lakini hufanya hivyo ikiwa imekunjwa na kukusanyika chini ya tumbo, wala si ikiwa imenyooshwa.

Kwa mpigapicha wa leo, ugunduzi huo bado una faida. Farasi anayekwenda shoti huchukua hatua kamili mbili na zaidi katika sekunde moja, na katika kila hatua zipo nukta moja au mbili tu ambazo miguu huonekana ya kupendeza. Kamera inayopiga picha tatu kwa sekunde hukupa takriban picha moja kwa kila hatua, na hiyo ni bahati nasibu. Inayopiga 10 hukupa nne hivi. Hapo kamera yenyewe ina umuhimu wake, lakini si lazima iwe mpya. Canon 7D Mark II ya mwaka wa 2014 na Nikon D500 ya 2016 zote hupiga picha 10 kwa sekunde. Haziundwi tena, ila bado zinauzwa mkono wa pili.

Habari njema ni kwamba huko Ngong mchana, jua hufanya kazi ambayo kwingineko fedha zingefanya. Tundu la lenzi hupimwa kwa nambari, na nambari ikiwa ndogo tundu huwa kubwa: f/2.8 hupitisha mwanga mara nne zaidi ya f/5.6. Chini ya jua kali, ukiweka ISO 200 na tundu la f/5.6, waweza kutumia kasi ya 1/1600 bila taabu. ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyokuza ishara ya mwanga mchache, na 200 ni kiwango cha chini kisichoharibu chochote. Kwa maneno mengine, lenzi ya bei nafuu ya milimita 70-300 inatosha. Mawingu yakitanda, utapandisha ISO hadi 800 au 1600, na kamera yoyote ya miaka kumi iliyopita italimudu hilo.

Kinachohitajika hapo ni urefu wa lenzi. Kwenye kamera yenye kitambuzi kikubwa, kinacholingana na filamu ya zamani ya milimita 35, lenzi ya milimita 200 huona upana wa mita 3.6 kwa umbali wa mita 20. Farasi mmoja na mpandaji wake hujaa humo barabara. Kwa umbali wa mita 60 huona takriban mita 11, na farasi wako anakuwa mdogo katikati ya nyasi. Kitambuzi kidogo kama kile cha D500 hukata ukingo wa picha, hata lenzi ya 200 ikaonekana kama ya 300. Kwa farasi hiyo ni faida ya bure.

Jambo jingine ni rangi ya farasi. Kamera hudhani kila kitu ni cha kijivu cha wastani. Ikikutana na farasi wa hudhurungi iliyokolea aliyejaa katika picha, huongeza mwanga kupita kiasi na kumpausha. Ikikutana na mweupe, humfanya awe wa rangi ya majivu. Mwenye uzoefu hupima mwanga kwa nyasi na kuufunga hapo. Aidha, usimsogelee farasi kwa lenzi pana. Pua itakuwa kubwa kama ndoo na makalio yatakuwa ya mbuzi, na mwenye farasi hatakusamehe.

Ukumbini mambo hugeuka. Taa zinazoonekana kali machoni ni hafifu mno kwa kamera. Katika ukumbi wenye mwanga wa kawaida, kasi ya 1/500 na tundu la f/2.8 huhitaji ISO ipatayo 3200. Ukiwa na ile lenzi ya f/5.6 iliyokutosha Ngong, utalazimika kupanda hadi 12800, na chengachenga zitazifanya nyuso za wachezaji kama zimepakwa mchanga. Kuteremsha kasi hakusaidii. Mpira wa voliboli uliopigwa kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa husonga sentimita tano katika sekunde 1/500. Kwa 1/125 husonga 20, karibu upana wake mzima.

Hapa ndipo lenzi ya 70-200 yenye tundu la f/2.8 inapostahiki bei yake, ambayo ikiwa mpya kutoka kwa kampuni kubwa ni shilingi laki kadhaa. Asiyeweza kuifikia asikate tamaa. Lenzi isiyovuta ya milimita 85 yenye tundu la f/1.8 hugharimu sehemu ndogo ya fedha hizo, na hupitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Itakulazimu kukaa karibu na wavu na kuchagua tukio moja, kwa mfano mchezaji anayeruka kuzuia mpira. Eneo lililo wazi huwa jembamba, hivyo lenga jicho. Nimeona picha bora za ukumbini zilizopigwa kwa lenzi hii kuliko nyingi zilizotoka kwa mitambo mizito.

Kitambuzi kikubwa, ambacho kwa farasi hakikuwa cha lazima, ukumbini huleta nafuu kwa sababu hustahimili ISO ya juu. Nikon D750 ya 2014 ni mfano wa kamera ya zamani inayofaa. Ukweli ni kwamba hakuna kamera moja ya bei ya kati iliyo bora pande zote mbili. Anayepata riziki yake zaidi ukumbini achague kitambuzi kikubwa. Anayeshinda Ngong achague kidogo chenye kasi.

Wapo watakaouliza kuhusu flashi. Sahau. Farasi hushtuka, na aliye mgongoni ndiye huanguka. Katika sarakasi na mazoezi ya viungo vilevile hairuhusiwi, kwa kuwa mwanga wa ghafla humpofusha aliye hewani.

Kero nyingine ya ukumbini ni taa zenyewe. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara 100 katika muda huo. Jicho halioni, lakini shata ya kasi huona: picha moja hutoka njano, inayofuata ya kijani, ya tatu yenye giza nusu. 7D Mark II na D500 zina mpangilio wa kungoja kilele cha mwanga kabla ya kupiga. Kamera mpya zisizo na kioo ndani zinaweza pia kupiga kimyakimya bila shata, jambo zuri karibu na farasi mwoga, ila katika zile za bei ya chini njia hiyo hupinda miguu inayokwenda kasi na kuchora mistari chini ya taa. Huko tumia shata ya kawaida.

Hizo kamera mpya zina ulengaji wa ajabu, na baadhi hulitambua jicho la farasi na kulifuata zenyewe. Mwenye uwezo azinunue. Hata hivyo lenzi nzuri ya zamani ya Canon au Nikon yenye injini yake ya kulenga hufungika kwenye kamera mpya ya kampuni hiyo hiyo kwa kiunganishi. Aliyeanza na lenzi, basi, atabadilisha kamera baada ya miaka mitano bila kuanza upya.

Wengi hununua mkono wa pili, na humo mna mitego. Kwa lenzi, mulika tochi ndani yake ukitazama upande wa pili: nyuzinyuzi mfano wa utando wa buibui ni kuvu, tatizo la kawaida kwa vifaa vilivyokaa katika unyevu wa Pwani, na huzidi kuenea. Piga picha tundu likiwa wazi kabisa, kisha ikuze uone kama palipolengwa ndipo palipo wazi. Kwa kamera, uliza idadi ya mara shata imefyatuliwa. Kamera za daraja hii hukadiriwa kudumu mara 150,000 hadi 200,000. Dai risiti, na ulinganishe nambari iliyochongwa kwenye kifaa na iliyo kwenye karatasi, kwa sababu kamera huibwa kama simu.

Kabla ya kulipa chochote, kodi lenzi hiyo kwa siku moja. Wapo wanaokodisha jijini, na ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei. Ipeleke ukumbini jioni, si nje mchana ambapo kila lenzi ni hodari.