Soma Jina Lote Kabla ya Kulipa: Prosesa Nzuri ya Gemu kwa Bajeti Ndogo

Ukipita Sondu siku ya soko, huwezi kukosa mananasi. Yamepangwa kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kisii, hapo mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, na wateja wananunua hata kabla gari halijasimama vizuri. Simu zinalia kila dakika kuthibitisha malipo. Hapo ndipo tulipokutana na kijana mmoja anayemsaidia mama yake kuuza, na hadithi yake ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Kijana huyu aliweka akiba karibu mwaka mzima, mia leo, hamsini kesho, hadi akafika KSh 24,000. Alitaka kompyuta ya kucheza FC na GTA V na marafiki zake, halafu baadaye ajifunze kuhariri video. Akaona tangazo mtandaoni: "Core i7, RAM 8GB, kompyuta ya gemu." Akatuma pesa zote kwa nambari ya mtu binafsi, mzigo ukaletwa na matatu, mashine ikawaka vizuri. Shida ilianza alipofungua gemu. Picha ilikwama kila sekunde mbili. Alipompigia muuzaji simu, akajibiwa hivi: "Boss, si uliomba i7? Hiyo ni i7."

Na ukweli ni kwamba muuzaji hakudanganya. Ilikuwa i7 kweli. Lakini jina lake kamili lilikuwa Core i7-2600, prosesa iliyotoka mwaka wa 2011, na hakukuwa na kadi ya grafiki ndani ya mashine. Mama mtu alipoona kijana anashika kichwa, aliuliza swali moja tu: "Sasa hii ndiyo ilikula pesa yote na bado haichezi?"

Huenda wewe pia unaweka akiba ya kompyuta. Basi twende pole pole, ili ukilipa ulipie kitu unachokijua.

Prosesa hufanya nini?

Kwa lugha rahisi, prosesa ndiyo inayopiga hesabu. Mpira uko wapi, kipa anaruka upande gani, gari la polisi linakufuata kutoka wapi: yote hayo ni hesabu. Kadi ya grafiki kazi yake ni kuchora picha unayoiona kwenye skrini. Prosesa ikiwa dhaifu, kadi inakaa ikisubiri. Kadi ikiwa dhaifu, prosesa inasubiri. Kwa hivyo usimalize pesa yote kwa upande mmoja. Kwa gemu nyingi, ni afadhali prosesa ya wastani na kadi nzuri kuliko prosesa ya bei ghali isiyo na kadi.

Jifunze kusoma jina

Kosa kubwa tunaloliona ni mtu kuishia kwenye "i5" au "i7". Hilo ni kama kutuma pesa kwa "Otieno" bila kujua ni Otieno gani. Angalia nambari inayofuata.

Kwa Intel za kompyuta ya mezani, nambari yenye tarakimu nne inaonyesha kizazi kwa tarakimu ya kwanza. Core i7-2600 ni kizazi cha 2. Core i5-6500 ni kizazi cha 6. Core i5-8500 ni cha 8. Ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za kwanza: Core i3-12100 ni kizazi cha 12.

Sasa linganisha. Core i7-2600 ya 2011 ina viini 4 na nyuzi 8. Kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa, na nyuzi ni idadi ya kazi ambazo wafanyakazi hao wanaweza kushika kwa wakati mmoja. Core i3-12100 ya 2022 pia ina viini 4 na nyuzi 8. Kwa karatasi zinafanana, lakini hiyo i3 inaiacha i7 mbali sana kwa kasi, na inatumia umeme kidogo: kampuni inaipa kiwango cha wati 60, wakati i7 ile ni wati 95. Kwa hivyo i3 ya juzi inashinda i7 ya zamani.

Kwa AMD, utaona majina kama Ryzen 3 3200G au Ryzen 5 5600G. Ya kwanza ilitoka 2019, ina viini 4 na nyuzi 4. Ya pili ni ya 2021, ina viini 6 na nyuzi 12.

Herufi ya mwisho nayo usiiruke:

- F kwa Intel: haina grafiki ndani. Ukinunua Core i3-12100F bila kadi, skrini itabaki nyeusi.
- G kwa Ryzen za kompyuta ya mezani: ina grafiki ndani, unaweza kuanza kucheza bila kadi.
- U: ni ya laptopu, imetengenezwa kuokoa betri. Usitarajie kasi ya mashine ya mezani.
- T kwa Intel: imepunguzwa nguvu ili itumie umeme kidogo.

Njia tatu kwa mtu wa bajeti ndogo

*Ya kwanza: mashine ya mitumba ya ofisini.* Hizi ndizo zinazoitwa "ex-UK", kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ukipata yenye Core i5-8500, uko sawa. Ina viini 6 na ni ya mwaka wa 2018. Halafu unaongeza kadi ndogo. Lakini kuna mtego hapa. Nyingi ya mashine hizi zina pawa saplai ndogo isiyo na waya wa ziada wa kadi, na zile nyembamba haziingizi kadi ya urefu wa kawaida. Tafuta kadi inayopata umeme wake wote kwenye sloti, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 zisizohitaji waya, na upime kasha kabla ya kununua.

*Ya pili: Ryzen yenye herufi G.* Ryzen 5 5600G inakuwezesha kucheza GTA V au Valorant ukipunguza ubora wa picha, bila kununua kadi leo. Siri yake iko kwenye RAM. Grafiki ya ndani hukopa RAM ya kompyuta, kwa hivyo vipande viwili vya 8GB hufanya kazi vizuri kuliko kipande kimoja cha 16GB. Pesa ikipatikana mwakani, unaongeza kadi.

*Ya tatu: anza chini, panda baadaye.* Bodi kuu zenye soketi ya AM4 zimebeba prosesa za AMD za miaka mingi. Mtu anaweza kuanza na Ryzen 3 3200G, na baadaye akatoa hiyo na kuweka Ryzen 5 5600 kwenye bodi ileile, mradi bodi inaikubali na fundi amesasisha programu yake kwanza. Kumbuka tu kwamba Ryzen 5 5600 bila G haina grafiki ndani, kwa hivyo itahitaji kadi.

Gemu yako inataka nini?

Kabla hujaanza kutafuta mashine, andika gemu tatu unazotaka kucheza, kisha usome mahitaji yake. EA Sports FC 24, kwa mfano, inataka angalau Core i5-6600K au Ryzen 5 1600, RAM ya 8GB, kadi kama GTX 1050 Ti, na nafasi ya 100GB kwenye diski. Kijana wetu angeona mistari hiyo minne, angejua mapema kwamba i7-2600 bila kadi haitafika.

Angalia pia Windows. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, isipokuwa prosesa chache sana za kabla ya hapo, na kwa AMD inaanzia Ryzen nyingi za mfululizo wa 2000. Gemu kama Valorant hukagua usalama wa mashine yako kwenye Windows 11 kabla ya kukuruhusu kuingia. Kwa hivyo Core i5 ya kizazi cha 4, hata ikiwa bei yake inavutia, unainunua ikiwa tayari imefika mwisho wa safari. Rahisi ni ghali.

Tokeni nazo ni bei

Watu wa Sondu wana kituo cha umeme cha Sondu-Miriu cha megawati 60 karibu nao, lakini nyumbani tokeni lazima zilipiwe kama kwingine. Hebu tupige hesabu. Mashine inayotumia wati 100, ukicheza saa 5 kwa siku, inakula uniti 15 kwa siku 30. Mashine ya wati 250 kwa muda huohuo inakula uniti 37.5. Tofauti ni uniti 22.5 kila mwezi. Kama unafikiria kufungua kibanda cha gemu chenye mashine nne, zidisha mara nne. Muulize muuzaji mashine inatumia wati ngapi ikiwa na kazi. Akisema hajui, tafuta jina la prosesa na kadi mwenyewe.

Sasa tuje kwa malipo

1. Omba picha ya jina kamili. Muuzaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc pamoja, aende sehemu ya utendaji, akupigie picha ya jina la prosesa. Stika ya nje ya kasha si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuibandika.

2. Usitume dipositi ya "kushikiwa". Kama duka liko Kisumu mjini, nauli ya matatu kutoka Sondu ni ndogo kuliko hasara. Fungua gemu hapohapo, icheze kwa nusu saa, usikilize feni.

3. Lipa kwa Till ya duka. Jina la biashara likitokea kwenye simu, lilinganishe na jina lililoandikwa mlangoni. Likitofautiana, simama. Usiweke PIN.

4. Omba risiti yenye jina kamili la prosesa na muda wa dhamana. "Core i5" peke yake kwenye risiti haitakusaidia ukirudi kulalamika. Ujumbe wa malipo nao usiufute.

5. Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, ripoti mara moja. Kurudisha pesa kunawezekana zikiwa bado zipo kwenye akaunti. Zikishatolewa, inakuwa vigumu sana. Na hakuna mhudumu wa kweli atakayekuomba PIN.

6. Kwa lipa polepole, piga hesabu ya jumla. Tuseme mashine ni KSh 28,000 pesa taslimu, au KSh 3,000 kwa miezi 12. Hiyo ya pili inafika KSh 36,000. Ile KSh 8,000 ya ziada ingekuwa nusu ya safari ya kununua kadi. Kama unaweza kusubiri, weka akiba kwenye akaunti tofauti na ile ya matumizi ya kila siku.

Kijana wetu yuko wapi sasa?

Mashine ile hakuitupa. Alimuuzia mtu anayetoa huduma ya kuchapa na kuskani, kwa bei ya hasara, kwa sababu kwa kazi kama hiyo i7-2600 bado inaweza. Sasa ameanza kuweka akiba upya. Tulipomwachia kipande cha karatasi aandike anachotafuta, hakuandika "i7". Aliandika: "Ryzen 5 5600G, RAM 8GB mbili, SSD, risiti." Mama yake akauliza kama hiyo ndiyo itacheza. "Ndiyo, mama," akasema, "lakini safari hii nitaiona kwanza."

Nawe ukifika kwenye hatua ya kuweka PIN, angalia majina mawili: la prosesa unayonunua na la mtu anayepokea pesa. Usipolijua mojawapo, bonyeza "ghairi". Pesa yako bado iko kwako.