Malipo Yanakwama kwa WiFi ya Nyumbani? Angalia Rauta Kabla ya Kununua Kifurushi Kikubwa

Uko jikoni unamlipa fundi kwa programu yetu. Kijiduara kinazunguka tu, na juu ya simu alama ya WiFi imebaki mstari mmoja. Ukiwa Boito au popote pale Konoin ambapo jikoni ni nyumba ya pekee yake nyuma ya ile kubwa, hali hii unaijua. Wengi hukimbilia kifurushi cha bei ya juu. Mara nyingi pesa hiyo inapotea bure, kwa sababu intaneti inafika kwenye rauta vizuri, halafu inaishia ukutani.

Kabla ya mambo ya rauta: malipo yakikwama, usibonyeze tena. Huenda ombi lako limeshafika na ni jibu lililokosa njia ya kurudi. Zima WiFi, ngoja SMS ya uthibitisho, kisha angalia salio kwa menyu ya simkadi, ambayo haihitaji intaneti. Msimu wa bonasi ya majani chai, Oktoba hivi, maduka yakijaa watu, ni rahisi kutuma 3,000 mara mbili kwa haraka. Kuifuata pesa iliyokwisha kutoka ni kazi.

Sasa tafuta shida iko wapi. Rauta nyingi za huku zinatumia laini ya 4G, kwa hivyo kuna safari mbili: kutoka busta hadi kwenye rauta, na kutoka rauta hadi kwenye simu yako. Simama hatua mbili kutoka kwa rauta ufungue ukurasa wowote. Ikiwa hata hapo ni pole pole, shida huenda iko upande wa busta. Hamishia rauta dirisha linalotazama upande wa busta, maana kilima kimoja tu katikati kinatosha kuharibu mambo. Ukurasa wa mipangilio wa rauta nyingi za 4G una namba inayoitwa RSRP. Karibu na -80 ni nzuri. Ikishuka chini ya -110 ni dhaifu. Sogeza rauta ukiangalia namba hiyo.

Kama karibu na rauta mambo ni sawa lakini jikoni hakuna kitu, hiyo ni WiFi yenyewe, na mshukiwa wa kwanza ni mabati. Kwa mawimbi ya WiFi, ukuta wa mabati ni kama kioo kwa mwanga: yanagonga na kurudi. Mbao hupitisha vizuri zaidi. Mawe na matofali hula sehemu, na tangi la maji lililojaa hunyonya sana. Kwa hivyo rauta iliyowekwa chini nyuma ya televisheni, au ndani ya kabati la chuma ili watoto wasiiguse, imefungiwa jela. Iweke juu, wazi, karibu na dirisha la kioo linalotazama jikoni au duka. Antena zake zisimame wima. Hatua hii peke yake husaidia kuliko mipangilio yote inayofuata.

Ili kuingia kwenye mipangilio, unganisha simu na WiFi, fungua kivinjari, uandike anwani iliyo kwenye stika chini ya rauta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Rauta nyingi za sasa zina masafa mawili. Ya 5 GHz yana kasi lakini hayaendi mbali; ya 2.4 GHz yana kasi ndogo lakini yanavuka kuta vizuri zaidi. Yatenganishe, kila moja jina lake, kisha simu ya jikoni na ya dukani uziweke kwa 2.4. Malipo hayahitaji kasi kubwa. Yanahitaji mtandao usiokatika. Kwa 2.4 chagua upana wa MHz 20, na chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Hizo tatu haziingiliani.

Kuna mahali pa kuongeza nguvu za rauta. Watu hupapenda sana, lakini usitarajie miujiza. Simu nayo lazima ijibu, na sauti yake ni ndogo. Ni kama kumwita mtu kwa kipaza sauti ng'ambo ya bonde: yeye anakusikia, wewe humsikii.

Ukiwa bado hapo ndani, badilisha paswadi mbili: ya WiFi, na ile ya kuingilia mipangilio yenyewe, ambayo watu wengi huiacha vile ilitoka kiwandani. Anayeijua anaweza kuelekeza simu zako kwenye kurasa bandia zinazoomba PIN. Chagua usalama wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS. Wageni na wateja wanaoomba WiFi wafungulie mtandao wa wageni, ili simu zao zisikae mtandao mmoja na simu ya biashara.

Ukibadilisha jina au paswadi, kila kifaa kitatoka hewani hadi ukiunganishe upya, hata simu ya kupokea malipo. Fanya kazi hii jioni, duka likishafungwa.