Nakala ya Diski Hupimwa Siku ya Kurejesha

Mei 2024 mkoa wa Lindi ulikatwa mara mbili. Mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya, kilichofika karibu na pwani yetu tarehe 4, ziliharibu barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima. Kwa mwenye ofisi Rutamba, magharibi mwa mji wa Lindi, hilo lilimaanisha kwamba kompyuta ikifa siku hizo, diski mpya haiji kwa basi kutoka Dar wala data haishuki kutoka mtandaoni.

Anayechagua programu ya kunakili diski kwa kazi ya ofisi aanze na mwezi ule. Matangazo husifu kasi na uzuri wa kioo, lakini linalomhusu karani wa chama cha msingi cha ushirika ni kama ataweza kuirudisha kazi yake kwa vitu vilivyomo kabatini mwake, bila mtandao, hata kama fundi hayupo. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mazao ya mkulima hupimwa, huingizwa ghalani, huuzwa mnadani, kisha fedha hupelekwa kwenye akaunti yake. Kilo, makato na namba za akaunti zikipotea katikati ya msimu, karatasi zitakuwepo, ila kuziingiza upya ni kazi ya siku nyingi. Mkulima hahitaji kujua diski ni nini. Anajua kwamba korosho zake zilipimwa na hajalipwa.

Kuna njia mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni nakala pacha: diski moja huhamishiwa yote kwenye nyingine, Windows, programu na mafaili, kiasi kwamba ukiichomeka ya pili kwenye mashine ileile, inawaka na kazi inaendelea. Ya pili ni taswira ya diski: yote hayo hufungwa ndani ya faili kubwa moja au kadhaa, na diski moja ya akiba inaweza kubeba taswira za wiki kadhaa au za mashine kadhaa. Pacha hurudisha kazi haraka, lakini hubeba hali ya siku moja tu. Kama virusi viliingia jana, navyo vimenakiliwa. Taswira huchukua muda kurejesha, lakini hukupa tarehe za kuchagua. Ofisi ya biashara inahitaji programu inayofanya yote mawili.

Swali linalofuata ni nini hasa kinanakiliwa. Diski imegawanywa katika vijisehemu vidogo viitwavyo sekta. Programu inaweza kunakili kila sekta, iliyotumika na isiyotumika, au ikausoma mpangilio wa mafaili na kuchukua zenye data tu. Tofauti yake ni kubwa. Kwa mlango wa USB 2, unaopitisha takriban megabaiti 35 kwa sekunde, diski ya gigabaiti 500 ikinakiliwa yote huchukua kama saa nne. Ikiwa data halisi ni gigabaiti 120, zikichukuliwa hizo tu, kazi huisha kwa takriban saa moja. Mahali ambapo umeme unaweza kukatika wakati wowote, saa tatu hizo ndizo zinazoamua kama nakala itakamilika. Kunakili sekta kwa sekta kubaki kwa diski iliyofungwa kwa usimbaji, kama wa BitLocker, au ambayo mpangilio wake programu haiutambui.

Clonezilla, programu huria iliyotoka Taiwan, huchukua sekta zenye data tu inapoutambua mpangilio wa mafaili. Huwekwa kwenye flashi, kompyuta ikawashwa kutoka humo, na kwa kuwa Windows imelala, hakuna faili linalobadilika wakati wa kunakili. Haidai leseni hata kwa biashara wala haihitaji intaneti. Udhaifu wake lazima usemwe: skrini zake ni za maandishi na kosa la kuchagua diski linaweza kufuta ile nzima, diski ya kupokea inatakiwa iwe sawa na ya awali au kubwa zaidi, na kila taswira huanza upya, haichukui mabadiliko peke yake. Anayetaka kuhama kutoka diski ya gigabaiti 500 kwenda SSD ya 240 atapata shida isiyo ya lazima, na hapo programu ya kulipia inastahili bei yake.

Programu zinazofanya kazi Windows ikiwa macho, kama Veeam Agent au Macrium Reflect, huiomba Windows isimamishe sura ya diski kwa dakika ile, kisha hunakili sura hiyo huku karani akiendelea kuandika. Hili ni jema kwa ofisi isiyoweza kuzima mashine. Hata hivyo, programu ya uhasibu isiyojua utaratibu huo inaweza kunakiliwa ikiwa nusu ya muamala, kwa hiyo ifungwe kwanza.

Leseni nayo isomwe kabla ya kupakua. Matoleo mengi ya bure yameruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani tu. Kuyaweka kwenye kompyuta ya chama au kampuni ni kuvunja mkataba. Tena bure ya leo si ahadi ya kesho. Toleo la bure la Macrium Reflect, lililotegemewa na mafundi wengi, lilikoma kupata marekebisho ya usalama Januari 1, 2024, na Reflect X iliyofuata inauzwa kwa malipo ya muda. Anayehifadhi taswira kwa programu ya kulipia ahakikishe kwamba anaweza kuzifungua hata baada ya malipo kuisha.

Kwa ofisi inayonakili diski moja kwenda mashine nyingi mpya, lipo jambo jingine. Kila Windows ina kitambulisho chake cha ndani, na pacha hukirithi. Zamani hilo lilivumilika. Kuanzia masasisho ya mwisho wa Agosti 2025, Windows 11 za karibuni zenye kitambulisho kimoja hukataliana zinapojaribu kuingiliana kwenye mtandao wa ofisi. Microsoft ina zana iitwayo Sysprep ya kukifuta kabla ya kunakili, na ni lazima itumike.

Diski ambayo tayari inakwaruza au kuganda isipelekwe kwenye programu ya kawaida. Kila jaribio la kusoma linaweza kuiumiza zaidi. Itumike GNU ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu zilizo nzima, huandika ramani ya zilizoshindikana, kisha huzirudia mwishoni.

Nakala pia ina majina na akaunti za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu anayehifadhi taarifa hizo, ziwe kwenye mashine au kwenye diski ya akiba iliyosahaulika. Kwa hiyo programu iweze kuifunga taswira kwa nenosiri, na diski ichomolewe kazi ikiisha, maana virusi vinavyofunga mafaili hufunga na kila kilichochomekwa.

Kwa chama cha msingi chenye kompyuta mbili au tatu, uamuzi wangu ni huu: Clonezilla kwenye flashi mbili, diski mbili za akiba zinazopokezana, moja ikae nje ya ofisi, na maelekezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili yabandikwe ndani ya kabati. Kisha karani, peke yake, aondoe diski ya kompyuta moja, aweke nyingine, aichomoe intaneti na kurejesha taswira ya mwisho. Fanyeni jaribio hilo Septemba, kabla ya korosho za kwanza kufika mizani.