Kinga ya batri ao kinga ya kawaida: tupige hesabu mbele ya kununua

Mchimbaji akiuza dhahabu yake vizuri, wazo la kwanza ni chombo cha kutembelea. Siku hizi wengi wanatuonyesha kwenye simu kinga ya batri: hainywi mafuta, tena inasaidia miguu kupanda. Hapa Kimemi, ambako kila barabara ni kupanda ao kushuka, inavuta sana. Lakini mbele ya kutoa franga, tupige hesabu.

Batri nyingi za kinga hizo ni volti 36 na amperi-saa 10, ni kusema wati-saa 360. Kuijaza kunaomba karibu kilowati-saa 0,4, sababu kidogo kinapotea kwenye chaja. Tuseme kwenu kilowati-saa moja ni senti 50 za dola: kujaza mara moja ni senti 20. Kwenye tambarare unaweza kufika kilometa 40. Kwenye milima yetu, na mufuko nyuma, usitegemee hiyo.

Wengi wanaishia hapo, wanasema: bei rahisi! Kumbe batri nayo inazeeka. Tuseme umeinunua dola 300, na inajazwa mara 600 mbele ya kuchoka. Kila kujaza kumekula senti 50 za batri. Jumla ni senti 70, sio 20. Batri njo inakula makuta, sio umeme.

Kinga ya kawaida nayo inaomba matairi, mnyororo na breki. Lakini fundi wa pembeni ya barabara anaijua yote, na kipande kinapatikana sokoni.

Na kule shantie, upande wa Manguredjipa? Bila umeme, unabaki na jenereta ya mwenzako ao sahani ya jua. Sahani ya wati 100, jua likiwa zuri, inajaza batri moja kwa siku nzima. Mvua ikinyesha, hapana. Batri ikiisha njiani, unasukuma kilo 25 za chuma, bila kuhesabu mzigo, ndani ya matope.

Kwa hiyo tunaona hivi. Mama anayeshuka sokoni kila asubuhi, na umeme iko nyumbani, kinga ya batri inaweza kumufaa. Baba anayelala shantie, abaki na ya kawaida.

Ukitaka kununua, uliza kwanza maneno tatu: batri mpya ni bei gani, nani anaiuza hapa mjini, na nani anaitengeneza? Kama muuzaji anakosa jibu, funga mufuko wako. Makuta ya shimo yanatoka kwa jasho.