Viatu vyeusi vinatoka na chenga usiku? Piga picha nne, uziunganishe



Mimi nauza viatu vya mtumba mtandaoni. Mchana nakimbizana na mzigo, picha napiga usiku, chumbani, taa moja. Viatu vyeusi vilikuwa vinatoka na chenga kama tivii iliyopoteza mawimbi. Mteja anauliza, "Mbona kama vina ukungu?" Na kiatu ni kikali kabisa.

Nikaanza kutumia filta ya kulainisha. Chenga zikaisha, ila na mkwaruzo wa pembeni nao ukafutika. Mteja kukipokea tu, akakikataa. Hela ya boda kwenda na kurudi ikawa juu yangu, na yule mteja sijamuona tena.

Siku hizi nafanya hivi. Chenga zinakuja mwanga ukiwa mdogo, na hazikai sehemu moja, kila picha zinatua kwingine. Kiatu hakibadiliki. Kwa hiyo ukichanganya picha nne ukapata wastani wake, chenga zinapungua mpaka karibu nusu. Ule mkwaruzo upo kwenye picha zote nne, hivyo unabaki. Mteja anaona kitu halisi.

Hatua zenyewe:

1. Egemeza simu kwenye kitu kizito, mfano pakiti mbili za unga. Usiishike mkononi.
2. Zima flashi. Bonyeza kiatu kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge.
3. Weka taima ya sekunde 3 ili kidole kisitikise simu.
4. Piga picha 4. Usiguse kiatu wala taa.
5. Fungua programu yenye leya. Photopea ni ya bure, inafunguka kwenye brauza. Panga picha moja juu ya nyingine kama chapati.
6. Weka opasiti kuanzia chini kwenda juu: 100, 50, 33, 25. Hapo kila picha inachangia sawa. Ukiweka 50 zote, ya juu itazimeza za chini.

Ukiona ukingo wa kiatu umekuwa miwili, simu ilisogea. Rudia.

Usijichoshe na picha nyingi. Ili chenga zishuke mpaka robo unahitaji picha 16, na kwa pea moja ya mtumba hiyo kazi hailipi. Nne zinatosha.

Simu yako ikiwa na hali ya usiku, ianze hiyo. Nyingi zinapiga picha kadhaa na kuziunganisha zenyewe, ndiyo maana inakwambia utulie. Na ukipata nafasi mchana, dirisha linashinda yote haya.

Njia hii haifichi kasoro, na ndiyo uzuri wake. Mkwaruzo ukionekana, uandike na kwenye maelezo, bei ishuke kidogo. Bora mteja akatae akiwa kwao kuliko akatae boda ikiwa mlangoni.

Jaribu leo usiku na pea moja tu. Ikikusaidia, mtumie na mwenzako anayeuza.