Fremu Iliyoingia Bila Hodi

Programu ikianguka kwenye Linux, swali la kwanza ni moja: imefikaje hapa? Kitatuzi kama GDB hulijibu kwa kukunjua rundo la miito. Kila funksheni inapoita nyingine huacha anwani ya kurudi, na anwani hizo hufuatwa moja baada ya nyingine hadi kwenye main. Kazi huenda sawa mradi kila fremu, yaani sehemu ya rundo inayomilikiwa na mwito mmoja, ina aliyeiita.

Ishara huvuruga utaratibu huo. Programu ikigusa kumbukumbu isiyo yake, kerneli huisimamisha papo hapo na kuipa SIGSEGV, ishara namba 11. Kama kuna funksheni iliyoandaliwa kuipokea, kerneli hunakili rejista zote kwenye rundo, pamoja na anwani ya agizo lililokatizwa, kisha huianzisha funksheni hiyo. Hakuna msimbo ulioiita. Imeingia bila hodi.

Itarudi wapi basi? Kwenye x86-64 hurudi kwenye kipande cha glibc, maktaba ya C, kiitwacho __restore_rt, chenye baiti 9: 48 c7 c0 0f 00 00 00 0f 05. Saba za mwanzo huweka namba 15 kwenye rejista rax. Mbili za mwisho huiita kerneli. Namba 15 ni rt_sigreturn, ombi la kurejesha kila kitu kama kilivyokuwa. GDB inaweza kuitambua fremu ya ishara kwa kuzisoma baiti hizo zenyewe na kuzilinganisha. Ni ujanja wa kienyeji, lakini unafanya kazi hata pale taarifa za utatuzi zinapokosekana. Njia rasmi zaidi ni herufi S katika .eh_frame, jedwali la kanuni za ukunjuaji, inayosema waziwazi kwamba fremu hii ni ya ishara.

Herufi hiyo moja inaokoa mengi. Katika mwito wa kawaida, anwani ya kurudi huonyesha agizo linalofuata mwito, si mwito wenyewe. Funksheni ikimalizia kwa kuita abort, ambayo hairudi, anwani hiyo inaweza kuwa tayari ndani ya funksheni ya jirani. Kwa hiyo mkunjuaji, yaani msimbo unaokunjua rundo, hutoa 1 kabla ya kutafuta jedwalini. Kwa fremu iliyokatizwa na ishara, anwani ni ya agizo lenyewe, na S humwambia mkunjuaji asitoe 1. Kama ni agizo la kwanza la funksheni, kutoa 1 humtupa mkunjuaji kwa jirani anayetangulia, asome kanuni zisizohusika, na kuanzia hapo orodha yote ni uongo.

Kuna utata mmoja zaidi. Mpokeaji wa ishara naye huonekana kama aliyeitwa kawaida, hivyo anwani yake ya kurudi, mwanzo kabisa wa __restore_rt, hutolewa 1 pia. Waandishi wa glibc walitanguliza nop, agizo la baiti 1 lisilofanya chochote, na kuanzisha maelezo ya ukunjuaji kwenye baiti hiyo. Kichakataji hakipitii hapo mpokeaji anaporudi. Imewekwa kwa ajili ya mkunjuaji peke yake.