Visulisuli vya Mirihi

Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza Lubumbashi, ardhi ya mtaa wetu wa Karavia huwa imekauka kabisa. Saa saba mchana, penye uwanja usio na nyasi, vumbi jekundu huweza kuinuka ghafla na kujizungusha, likichukua majani makavu na vipande vya plastiki, kisha likatawanyika. Kisulisuli hakihitaji wingu. Kinachohitajika ni udongo uliopata joto kuliko hewa iliyo juu yake: hewa inayogusa udongo huo huwa nyepesi na kupanda, ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi, na mzunguko mdogo uliokuwamo huongezeka kasi kadiri hewa inavyojikusanya katikati. Kikisogea hadi penye kivuli cha miti au juu ya maji, hukosa joto na kufa.

Je, wajua kwamba jambo hilohilo hutokea kwenye sayari ya Mirihi? Udongo wa huko nao ni mwekundu kwa sababu ileile ya huku Katanga, yaani chuma kilichoshika kutu. Ila ukubwa ni mwingine. Mnamo Machi 14, 2012, chombo cha Marekani kinachoizunguka Mirihi kilipiga picha ya kisulisuli katika tambarare ya Amazonis: upana wake mita 70 hivi, urefu wake kilomita 20. Mlima Kilimanjaro haufiki hata theluthi ya hapo.

Mwaka 2025 watafiti walichapisha orodha ya visulisuli 1,039 vilivyoonekana katika picha za vyombo vya Ulaya. Baadhi ya pepo zilifika kilomita 158 kwa saa. Kwetu kasi hiyo ingeezua mabati. Lakini hewa ya Mirihi ni nyembamba mno, mgandamizo wake haufiki asilimia moja ya wetu, kwa hiyo ungesimama ndani ya upepo huo ungesukumwa kama na upepo wa kilomita 20 hivi kwa saa hapa Lubumbashi.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba tumeshakisikia kisulisuli cha Mirihi. Septemba 27, 2021, kisulisuli chenye upana wa mita 25 na urefu usiopungua mita 118 kilipita moja kwa moja juu ya roboti Perseverance ya Marekani, katika kreta ya Jezero, wakati maikrofoni yake imewashwa. Maikrofoni hiyo huwashwa kwa dakika chache tu, mara chache kwa mwezi; ni bahati kubwa. Katika rekodi upepo unavuma, unatulia roboti inapokuwa katikati, kisha unarudi. Juu ya mvumo huo zinasikika chembe za vumbi zikigonga chombo, moja moja. Watafiti walizihesabu: 308.

Kwa roboti zinazotumia umeme wa jua, kisulisuli ni mfagizi. Roboti Spirit ya Marekani ilitua Mirihi Januari 2004 kwa kazi ya siku 90. Vumbi lilikuwa limeanza kuzinyima paneli zake mwanga, hadi Machi 2005 upepo ulipozisafisha na umeme ukapanda ghafla. Roboti hiyo ikaendelea kuwasiliana hadi 2010. Chombo kingine cha Marekani kilichotua huko, InSight, hakikubahatika. Vipimo vyake vya mgandamizo vilinasa mizunguko ya hewa kwa maelfu ikipita karibu, lakini paneli zake hazikufagiwa ipasavyo, na Desemba 2022 kikanyamaza. Bado inauma kukikumbuka.

Novemba 2025 kukaja habari nyingine. Katika rekodi za Perseverance watafiti walikuta milio mifupi 55 ya cheche za umeme, nyingi zikitokea wakati wa upepo mkali, nyingine wakati visulisuli vinapita. Chembe zikisuguana hujichaji, na katika hewa nyembamba kama ile cheche huruka kwa urahisi. Kila moja ina urefu wa milimita au sentimita chache tu, lakini huweza kubadili kemikali za udongo na hewa. Wanaotafuta mabaki ya uhai kwenye udongo huo sasa wanapaswa kuzizingatia cheche hizo pia.